Koti la Leonidasi

Mume wangu Leonidasi anaogopa vitu viwili: ndege na mimi. Mimi amenizoea.

Ndege haizoei, na ana sababu yake. Tulipokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, ndege ya jeshi ilimkuta kaka yake mbugani na ng'ombe, peupe, hana pa kujificha. Tangu siku ile, hata kile kindege cha chanjo kikipita juu ya kijiji chetu, Nyakitonto, Leonidasi hutupa jembe na kujitosa migombani mpaka mlio uishe. Watoto humcheka. Nami nilikuwa namcheka, kwa nini niseme uongo.

Anachokipenda ni koti. Koti la sufu la mtumba, la kahawia, la Jumapili tu. Halifuliwi, halikaliwi, halishikwi na mtoto. Alishaniusia mbele ya Padri kwamba akifa azikwe nalo.

Kiangazi cha mwaka wa tisini na sita alikwenda kuvuna asali kwenye mizinga yake, porini huko mbele ya Kitanga. Alisema atalala usiku mmoja. Juma likaisha. Shemeji yangu Reverien akaingia porini na wanaume wenzake, wakaita mpaka sauti zikawakauka, hawakupata hata kiatu. Nilikuwa sili wala silali. Ndipo paroko akaita msaada kwa redio ya misheni, akaja Venanti.

Venanti alikuwa daktari wa meno huko Mwanza. Yeye na wenzake wenye vindege vyao walijitolea siku zao za mapumziko kupeleka dawa vijijini na kutafuta waliopotea. Hakudai kitu. Ila kabla ya kunipakia alinichungulia mdomoni, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama Ininahazwe," akasema, maana ndilo jina la mwanangu wa kwanza, "wewe unaijua mizinga ilipo. Ukiona chochote, niguse bega. Na hilo koti la nini?"

"La mazishi," nikasema.

Tukaruka. Kasulu ikabaki nyuma. Tulipofika juu ya mizinga nikaona moshi mwembamba kati ya miti, nikamkung'uta bega hata ndege ikayumba. Tukageuza. Tulipofika, hakuna moshi. Tukaenda mbali, moshi ukafuka tena. Tukashuka chini zaidi, ukatoweka.

"Kuna mtu anazima moto kila tukija," Venanti akasema. "Hao ni majangili. Twende kwingine, mafuta yanapungua."

Hapo nikaelewa. Nilitaka kulia, nikafoka badala yake.

"Mana yanje, Mungu wangu! Majangili gani? Huyo ni mume wangu. Anakuficha moto wewe!"

"Mimi nimemfanya nini?"

"Umekuja na ndege. Fungua dirisha."

Alipoona ninachotaka kutupa akashangaa. "Si ulisema ni la mazishi?"

"Ndiyo. Akilitaka, alifuate akiwa hai."

Koti likaenda likijipindua, likanasa juu ya mti, mkono mmoja ukachanika. Kisha kichaka kikatikisika, akatoka mtu akijiburuta kwa makalio, mguu mmoja umelegea, uso mweusi kwa majivu. Akaliangalia koti. Akatuangalia sisi. Akainua ngumi.

"Anatupungia!" Venanti akashangilia.

Hakuwa anapunga. Matusi ya mume wangu nayajua hata bila sauti.

"Mpungie na wewe," nikamwambia, huku machozi yananitiririka mpaka kidevuni.

Tulizunguka juu ya mti ule mpaka Reverien na wenzake, waliokuwa bado porini, wakauona mzunguko wetu, wakaufuata. Kumbe Leonidasi alianguka kutoka kwenye mti wa mzinga, akaishi kwa asali na maji ya kijito. Walimletea ingobyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa mabegani. Reverien anaapa kwamba mume wangu hakukubali kulala juu yake mpaka mtu apande mti kulitoa koti.

Nilimkuta hospitalini, mguu kwenye plasta, koti kifuani.

"Ewe mugore, mwanamke wewe, umelitupa koti langu!"

"Ungezikwa nalo vipi hujaonekana? Ndani ya ndege nilikuwa mimi, Leonidasi. Mimi!"

Akaushika ule mkono uliochanika.

"Ningejuaje?" akasema taratibu. "Ningejuaje kama ni wewe?"

Niliomba sindano na uzi kwa muuguzi, nikaushona.

Sasa amepona, anachechemea kidogo. Ndege ikipita bado anakimbilia migombani. Lakini kwanza analitandaza koti juu ya ua, limetazama mbinguni, ili kama ni mimi nijue yuko wapi. Mimi niko hapo hapo jikoni, mwiko mkononi, namwona. Simcheki tena.