Santuri Isiyo na Mwimbaji

Faraj fundi wa redio alikuwa amemaliza santuri yake ya kwanza, na mtaa mzima wa Kuze ulishajua kwamba haina mwimbaji, haina udi, haina fidla. Alikuwa akizifungua redio mbovu, akinasa mvumo wake kwenye utepe, akiupunguza mwendo hadi ukawa kama pumzi ya mtu aliyelala. Mkewe, Mwanatumu, alimnyonyesha mwana wao kando ya mvumo huo na akaupenda. Lakini mapenzi ya mke hayauzi santuri.

Wa kuuza ni Bwana Chirau, mwenye duka la santuri huko Mwembe Tayari, naye alikuwa na kipimo chake. Santuri mpya huipeleka kwa wanawake, yeye akakaa nje barazani, maana ndani hawezi kuingia, akangoja vigelegele. Vikilia, huichukua. Visipolia, huvaa kofia yake akaenda zake.

Basi alasiri hiyo Faraj alikaa barazani na Bwana Chirau, na wanawake walijaa chumbani kwa Mwanatumu, kila mmoja na kikuba cha asmini cha kumtunza mwimbaji. Sindano ya gramafoni ikashuka. Mvumo ukaanza.

"Yapata moto kwanza hiyo," akasema Bi Mwanaesha, mamake Faraj, mtu ambaye mtaa haujapata kumsikia kimya. "Ngojeni, ataimba."

"Haimbi mtu, mama," Mwanatumu akanong'ona.

"Basi twasikiza nini, nyuki?"

Wakacheka. Mwanatumu akampakata mwanawe, akainamisha macho asimwone wa kwanza kuondoka.

Lakini kicheko kilikwisha, na hakikufuatwa na neno. Mvumo ukapanda polepole, ukatua, ukapanda. Alipoinua macho, jirani yake Mejumaa alikuwa amefumba yake, kikuba kimelala mapajani. Bi Mwanaesha alizishika bangili zake kwa kiganja zisigongane.

Furaha ikamjaa Mwanatumu, kisha hofu. Huko nje hakijasikika kigelegele hata kimoja.

"Pole, fundi," sauti ya Bwana Chirau ikapenya dirishani. "Wamekwenda zao wote. Hata mamako."

Mwanatumu alitaka kuita, asiweze. Kuita ni kuiharibu kazi ya mumewe kwa kinywa chake mwenyewe. Dirisha likabishwa.

"Hodi. Mna mtu humo?"

Bi Mwanaesha akanyata, bangili kazibana vile vile, akafungua upenyo.

"Chirau, mwanangu, adabu umeiacha wapi?" akanong'ona. "Watu wasikiza. Kaa, au kabishe kwenu."

 Kisha Mwanatumu akamsikia Bwana Chirau akiketi tena, naye sasa akinong'ona.

"Fundi, upande wa pili nao uko hivi?"

"Huo umetulia zaidi."

"Basi naichukua. Bila kumvunjia mamako heshima, iliyomnyamazisha yeye, kila mume wa Kuze ataitaka nyumbani mwake."

Mwanatumu akauma pindo la leso asicheke, maana upande wa kwanza ulikuwa haujakwisha.