Friwili ya Pashk

Drane aliipindua baiskeli uani, chini ya mzabibu, akaisimamisha kwa kiti na usukani. Gurudumu la nyuma alikwisha kulitoa, sasa lilikuwa mapajani mwake kama mtoto anayeogeshwa. Alitaka kufungua friwili, ile gia ya nyuma inayolia mtu anapoacha kukanyaga pedali.

Kifuniko chake hufunguka kwa kuzungushwa kulia, kinyume cha skrubu nyingine zote. Hilo hakulisahau. Kila vuli marehemu mumewe, Pashk, alikuwa akilirudia, na kila vuli yeye akimjibu, "Nimesikia, nimesikia, mimi si kiziwi." Aliweka ncha ya msumari kwenye kitundu, akagonga kwa nyundo hadi kifuniko kikaachia. Gololi zilimiminika katika kikombe cha kahawa. Ndani palikuwa peusi tii, na zile kucha mbili ndogo zinazouma meno ya gia zilikuwa zimelala, zimenaswa na uchafu.

"Drane!" mama mkwe wake aliita kutoka dirishani. "Nani anagonga?"

"Ni mimi, Mama. Natengeneza baiskeli."

Bi Age alikuwa na miaka tisini na mitatu, na macho yake yalikuwa yameshazimika. Miaka ile serikali ilipofunga makanisa na kukataza sala, hapo mjini kwao Shkodra watu walisali nyuma ya mapazia, huku masikio yao yakiwa barabarani. Pashk akirudi kutoka kiwandani alisimama langoni na kurudisha pedali nyuma mara tatu. Trrr. Trrr. Trrr. Maana yake: ni mimi, sijafuatwa na mtu. Hapo mama yake alitia mkono katika bakuli la maharage makavu, akaitoa rozari aliyoificha humo, na sala ikaanza.

Makanisa yalifunguliwa zamani, na Pashk alikuwa na miaka minne kaburini. Lakini uzee ulikuwa umemrudisha Bi Age katika hofu ile. Kila jioni Drane akitoka kazini alisimama langoni na kurudisha pedali mara tatu, kama alivyofanya mumewe. Bila mlio ule, bibi hakusali. Jioni mbili zilizopita friwili ilikuwa bubu, na mara zote mbili bibi aliirudisha rozari kwenye maharage, akakataa chakula, akakaa anatetemeka. Drane alimwambia mambo yamebadilika, kengele za kanisa zinalia mchana kweupe. Bibi alimwambia anyamaze, watasikika.

Ndiyo maana leo aliomba ruhusa kazini. Aliosha kila kipande kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Kisha, kwa kuwa alitaka idumu, alichukua kopo la grisi ya Pashk na kujaza mle ndani mpaka pakafurika. Alirudisha kila kitu mahali pake, akafunga gurudumu na mnyororo, akarudisha pedali nyuma.

Kimya.

Aliisukuma mbele kwa mkono. Pedali ilizunguka bure, gurudumu halikusogea. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ukuta wa jirani.

"Ee Maria, Mama wa Shauri Jema," alinong'ona, "miye nimeharibu."

"Umeharibu nini tena?" Kichwa cha Kolec kilitokeza juu ya ukuta. Alikuwa fundi wa baiskeli kabla ya kustaafu, na rafiki wa Pashk tangu utotoni. Aliingia, akachovya kidole kwenye friwili, akacheka hadi akakohoa. "Shemeji! Hii ni friwili au mkate wa siagi?"

"Pashk alikuwa akipaka grisi hiyo hiyo."

"Kwenye ekseli, shemeji! Ekseli haina kucha. Hizi lazima ziruke, na wewe umezizika kwenye matope. Angekuona angekunyang'anya nyundo."

"Badala ya kunicheka, shika gurudumu."

"Nimeshika. Wewe fungua. Kulia!"

"Najua ni kulia, Kolec!"

Alisema kwa sauti ya zamani, ile aliyomjibia mumewe.

Aliosha upya. Safari hii Kolec alimtuma alete kichupa cha mafuta mepesi ya cherehani. Tone kwenye kila kucha, tone kwenye vijispringi vyake vyembamba kama unywele, matone machache juu ya gololi, basi. Drane alifunga kifuniko huku midomo yake ikitembea kwa Salamu Maria.

Hakujaribu uani. Aliitoa baiskeli hadi barabarani, akarudi nayo langoni kana kwamba anatoka kazini. Akarudisha pedali nyuma.

Trrr. Trrr. Trrr.

Kupitia dirishani alisikia maharage yakichakarishwa. Kolec alivua kofia yake.

"Umechelewa leo, mwanangu," Bi Age alisema Drane alipoingia, nyundo ya mchana ameshaisahau. Rozari ilikuwa tayari mkononi, punje moja ya maharage imenasa kwenye msalaba.

"Nisamehe, Mama."

Alipiga magoti bila kunawa, akatoa rozari yake mwenyewe. Jioni ile chembe zake zilinuka mafuta ya taa, kama mikono ya Pashk ilivyokuwa ikinuka kila vuli, na Drane alisali polepole ili zisiishe upesi.