Jibu la Kwenye Nanga

Baba yangu ana kichwa kigumu, na mimi nimekirithi chote. Ndiyo maana Jumamosi ile ya Septemba tulipanda mlimani kila mtu amenuna upande wake wa gari, manyunyu yanapiga kioo, skii zetu, zile mbao za kutelezea, zimefungwa kwa kamba juu ya paa. Jumanne alitakiwa kulazwa hospitali ya mkoa, kabla ya saa sita mchana, akatolewe uvimbe tumboni. Nafasi hiyo tulikuwa tumeingoja tangu kiangazi, na daktari alishatuambia waziwazi kwamba uvimbe wenyewe haungoji. Na yeye, mzee aliyekonda hadi suruali anaifunga kwa kamba, anataka kwenda kuteleza kwenye theluji!

"Siku moja tu, Zunilda," alikuwa amenibembeleza. "Msimu unakwisha."

"Na wewe je, hukwishi? Umejiangalia kwenye kioo?"

"Nimejiangalia. Bado ni mzuri kuliko mumeo."

Mume sina tena, na analijua hilo vizuri sana. Basi nikacheka bila kutaka, nikawasha gari.

Kiwanja chetu si kama vile vya matajiri wa mji mkuu, Santiago, wanakopandishwa juu wameketi kwenye viti vyenye mito. Chetu ni cha klabu ya mji. Tiketi ya siku nzima hata mimi msusi naimudu, na skii za kukodi zina umri wangu. Kuna kibanda cha mbao chenye jiko la kuni, ambamo Mama Otilia hukaanga maandazi ya boga, na kuna mashine moja ya kupandishia watu, ambayo sisi tunaiita nanga. Waya mrefu uliobebwa na nguzo unazunguka kutoka chini hadi juu, na kwenye waya zinaning'inia fimbo fupi zenye kitako cha mbao huku na huku, umbo la nanga kabisa. Mnasimama wawili, kila mmoja anaegemeza makalio upande wake, mnavutwa hadi kileleni skii zikiwa chini kwenye theluji. Ukithubutu kukaa, unaanguka, na watu wanakucheka mpaka Krismasi.

Mkiwa kwenye nanga hamwezi kutazamana. Macho lazima yawe mbele. Nadhani ndiyo maana watu wetu walizoea kuambiana huko mambo mazito. Mama alikubali kuolewa na baba kwenye nanga ile. Mume wangu aliniambia anaondoka kwenye nanga ileile. Na kuna mwiko ambao kila mtoto wa mji anaujua: kwenye nanga husemi uongo, na la kwenye nanga halizungumzwi chini. Ukitaka kuliendeleza, panda tena. Mtu akisahau akaropoka chini, wengine hujifanya viziwi, na hiyo huitwa heshima.

Siku hiyo watu walikuwa wachache, theluji nzito imelowa, mawingu yamekaa juu ya miti ya araukaria. Nolberto, fundi wa mashine, alitushikia nanga.

"Mzee Abelardo! Tumbo linasemaje?"

"Linasema lina njaa," baba akajibu.

"Na wewe Zunilda, leo usining'oe nanga yangu. Umenenepa."

"Potelea mbali, Nolberto. Jiangalie hilo tumbo lako kwanza."

Tukavutwa. Tulipopita nguzo ya pili baba akasema, macho mbele, "Jumanne siendi."

Nilihisi damu inanipanda kichwani. "Unasema?"

"Umenisikia. Siendi."

"Baba, una wazimu? Nimebembeleza manesi miezi yote hii, nimefunga saluni kukupeleka vipimo, halafu leo unaniambia huendi?"

"Nakwambia hapa kwa sababu hapa sidanganyi. Nyumbani ningekwambia nitakwenda."

Nilimtukana. Ndiyo, nilimtukana baba yangu mzazi, na upepo ukayachukua matusi. Kabla sijamaliza tukafika juu, nanga ikatutoka makalioni, na yeye akageuza skii akashuka taratibu, magoti yamekunjwa, bila kelele, kama alivyonifundisha nilipokuwa na miaka minne. Nikamfuata hadi chini. "Sasa sikiliza," nikaanza. Akaweka kidole mdomoni.

"Tuko chini, mwanangu."

Basi tukapanda tena. Safari ya pili nilijaribu upole. Nikamwuliza sababu.

"Mama yako aliingia hospitali ile kwa miguu yake," akasema. "Alinipungia mkono mlangoni. Alitoka amebebwa kwenye sanduku."

"Mama alikuwa na ugonjwa mwingine."

"Mlango ni ule ule."

"Kwa hiyo unataka kufa nyumbani?"

"Nataka kuteleza mpaka nishindwe. Nikishindwa, nikae dirishani niutazame mlima. Ni mengi hayo?"

Nilitazama mikono yake iliyoshika fimbo, glavu zake zimeshonwashonwa na mama, uzi mwekundu juu ya ngozi nyeusi. Tukafika juu tukashuka.

Mchana tuliingia kibandani. Mama Otilia akatuletea supu ya kuku na maandazi. Baba alikunywa vijiko vichache, kisha akaivuta sahani yangu karibu, akanimwagia supu yake yote.

"Kula, Zunilda. Umeanza kukonda," akasema kwa sauti ili Nolberto asikie, na kibanda kizima kikacheka.

"Hospitali ni lini, mzee?" Mama Otilia akauliza, kwa nia njema tu.

"Jumanne," baba akasema, na akatabasamu. "Wananingoja na bendi."

Nilishika kijiko kwa nguvu. Neno lilikuwa mdomoni. Ningelisema pale, mbele yao wote, wangemshika mikono na miguu wamtie garini. Lakini tangu utotoni nimelelewa na mwiko ule, na ulimi wangu, huu ambao haumwogopi mtu, ukakataa. Nikala supu ya baba.

"Malizeni upesi," Nolberto akasema akichungulia dirishani. "Upepo unakuja. Nitafunga mashine muda si mrefu."

Safari ya tatu upepo ulikuwa unatuyumbisha. Sikubembeleza tena, wala sikufoka. Nilisema tu lile nililokuwa nalo. "Baba, naogopa. Wewe unamwogopa yule aliyetoka amebebwa kwenye sanduku. Mimi namhofia atakayebaki. Mama hayupo, yule bwana ameondoka, watoto sina. Jioni nikifunga saluni, ni kwako tu ninakokwenda. Usipokuwepo nitakwenda wapi?"

Nguzo zikapita. Nilisikia anavuta kamasi, na sikujua kama ni baridi au ni nini.

"Hujawahi kuniambia hivyo," akasema mwishowe.

"Basi nimekwambia."

"Ngoja nifikiri. Hapa si mahali pa kujibu ovyo. Tukipanda tena nitakujibu. Nitakujibu kwenye nanga."

Nilishuka mlima ule nikiomba Mungu kila nilipokata kona. Tulipofika chini, mnyororo ulikuwa umeshafungwa kwenye mlango wa kupandia, na nanga zote zinabembea zikigongana. Mashine imezimwa.

"Nolberto! Washa mara moja tu!"

"Haiwezekani, dada. Upepo huu utautoa waya."

"Mara moja, nakuomba! Nitakunyoa bure mpaka ufe!"

"Zunilda, nikiua watu wawili nitamwambia nini Mungu?"

Nikamshika koti. Nilimtikisa mtu mzima mbele ya wenzake, akaniacha nimtikise. Baba alikuwa ameinama anavua skii zake.

"Basi, mwanangu. Jumamosi ijayo."

"Jumanne iko kabla ya Jumamosi, baba!" nikapiga kelele. "Jumanne hutaki kwenda, utakufa, na mimi unaniambia Jumamosi!"

Nililisema. Chini, mbele ya watu wote. Mama Otilia akageuka kutazama kuni. Nolberto akaanza kukagua mnyororo aliokwisha kuufunga. Walionekana wote kama hawakusikia kitu, na ndani ya gari baba naye hakunijibu neno, hadi mlangoni kwake. Skii zake zilibaki juu ya paa la gari langu.

Jumapili na Jumatatu nilimpigia simu ya nyumbani, akasema amechoka. Sikuwa na nguvu ya kugombana. Jumanne asubuhi nikaenda na gari, nimeapa nitamburuza. Nyumba ilikuwa imefungwa. Nikagonga, nikazunguka nyuma, nikavunja kioo cha jikoni nikaingia. Kitanda kimetandikwa. Baba hayupo.

Nikajua amenikimbia. Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nilikwenda makaburini kwa mama, baba hakuwepo. Nilikwenda kwa jirani zake, kwenye baa, stesheni ya zamani alikofanyia kazi, na hata kanisani, mahali ambapo hajakanyaga tangu mazishi ya mama. Mlimani sikufikiria. Katikati ya wiki kiwanja kimefungwa, na skii zake ninazo mimi. Saa zikapita nikizunguka na kutukana, mpaka muuza gesi mmoja akaniambia, "Baba yako? Alfajiri alipanda gari la Nolberto. Wamekwenda kutengeneza waya."

Nilipofika mlimani mvua ilikuwa inanyesha juu ya theluji chafu. Nolberto alikuwa mbali huko juu, juu ya nguzo, na spana zake. Baba alikuwa kituo cha chini, ameegemea upande mmoja wa nanga iliyosimama, ameacha upande wangu wazi. Amenyoa ndevu. Amevaa suti ya harusi yake, inampwaya. Miguuni ana begi, na juu ya begi taulo na pajama alizonunuliwa na mama.

"Umechelewa," akasema. "Nimekungoja tangu kulipokucha. Nolberto nilimwambia unakuja nyuma yangu."

"Baba, nimekutafuta mji mzima!"

"Kunitafuta kwa nini? Nilikwambia nitakujibu kwenye nanga."

Nikaegemea upande wangu, tukatazama mbele sote wawili, mlima umejaa ukungu.

"Jibu ni ndiyo," akasema. "Nitaingia mlango ule. Lakini unishike mkono mpaka ndani, usinipungie ukiwa mlangoni. Haya, twende."

Nikatoa simu. Saa sita ilikuwa imeshapita, na hospitali ni mwendo wa saa mbili. Nikapiga. Nesi alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Mgonjwa mwingine alikuwa ameshapelekwa ndani mahali pake. Nafasi nyingine ni baada ya Mwaka Mpya, labda Februari. Nikamwambia uvimbe haungoji. Akasema anajua, akaniombea heri.

Baba alikuwa ameshainua begi lake. "Wamesemaje?" akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa tayari na uongo, uongo mzuri kabisa: wamesema njooni kesho. Lakini nilikuwa bado nimeegemea nanga, na yeye anajua, na alikuwa ananingoja. Nikamwambia ukweli.