Mvua ya Upande wa Pili

Wendell alikuwa ameshabandua paa lote la nyumba ya mama mkwe wake, Eneida, ili aezeke jipya, pale Fort Myers, pwani ya magharibi ya Florida, na ilikuwa Julai, mwezi ambao alasiri haipiti huko bila radi.

"We mkwe, una wazimu? Hulioni lile wingu?" Eneida alifoka kutoka uani.

"Mama, binti yako ndiye kasema."

Marisol, mkewe, ni mtabiri wa hali ya hewa. Asubuhi alirusha puto lake la kupimia hewa ya juu, kisha akampigia Wendell simu: "Mgandamizo mkubwa wa hewa huko juu umeteremka kusini kwetu. Upepo unatoka magharibi, utazisukumia radi zote pwani ya mashariki. Bandua tu."

Wingu likapanda, likanguruma, likawa jeusi tii. Halafu likainama taratibu, likajiendea zake mashariki kama lililoitwa. Wendell alilisindikiza kwa macho, nyundo mkononi. Jamani, mwanamke huyu!

Simu ya Eneida ikalia. Alikuwa Rolando, mwanawe anayeishi pwani ya mashariki.

"Mama, nguruwe mzima yuko motoni, wageni wamejaa uani, na mvua hii!"

"Ulimuuliza dada yako?"

"Sikumuuliza."

"Basi loa, mwanangu."