Chumba cha Ubatizo

Kiangazi kile Primitiva Archuleta alikuwa amechoka hata kabla kazi haijaanza. Ulezi wa kanisa la misheni ulikuwa wa zamu, lakini vijana walikwisha kuhamia mjini Albuquerque, na zamu ilipomwangukia yeye ilikaa hapo hapo mwaka hadi mwaka.

Kanisa lilikuwa la matofali mabichi, la tangu enzi za mapadri wa Kihispania. Zamani wanawake wa kijiji walilikandika kwa udongo kila mwaka. Kisha Eliseo, marehemu mumewe, akawaongoza wanaume wakalivika saruji ili wake zao wapumzike. Aliwaonea huruma tu; hakuna aliyejua kwamba saruji ingefungia maji ndani. Sasa kuta zilikuwa zimefura, na ilibidi saruji ibanduliwe.

Yeye na wanakijiji wachache waliobaki walianzia chumba cha ubatizo, kilichoshikamana na ubavu wa kanisa. Ganda lilipodondoka, ukuta nyuma yake ulikuwa umelowa chepechepe. Belarmino, fundi waliyemwita kutoka bonde la pili, aliuchoma kidole, kikazama. Hakuwaficha. Alisema ukuta mkubwa wa kanisa nao umeliwa chini, theluji haiko mbali, na mikono iliyopo haitoshi kuokoa vyote viwili. Wakikibomoa chumba, matofali yake ya juu, ambayo bado ni mazima, yatatosha kuuziba ukuta mkubwa.

Delfina, wifi yake Primitiva, aliposikia hayo aliweka mwiko chini.

"Mtu anabomoa kanisa ili alikarabati? Wifi, watoto wako wote wamebatizwa humu."

"Najua."

"Kaka yangu alivunja mgongo kwa chumba hiki."

"Na mimi navunja wangu. Kama una mikono mingine umeificha nyumbani kwako, ilete. Kama huna, niache niokoe kinachookoka."

Delfina akaenda zake bila kuaga.

Primitiva aliingia chumbani peke yake. Alitaka kulia, akaona hata kulia ni kazi. Akaligusa jiwe la kubatizia, akatoka, akamwambia Belarmino aanze na paa.

Walibomoa polepole, tofali baada ya tofali. Yaliyooza waliyatupa shimoni, wakayakanyaga upya pamoja na mabua ya ngano mpaka yakawa udongo wa kukandikia. Primitiva alibeba hadi vidole vikakataa kukunja ngumi. Jioni alikula amesimama, maana alijua akikaa hainuki.

Juma lililofuata Delfina akatokea na sufuria ya maharage na pilipili nyekundu. Akautazama ukuta ambao wifi yake alikuwa ameukandika.

"Hapa umekandika au umepaka siagi?" aliuliza. "Hebu sogea."

"Umekuja kufanya kazi au kunisimanga?"

"Vyote viwili. Wewe kula kwanza."

Lile jambo hawakulizungumza tena. Delfina alipanda ngazi akashika upande wa juu, mwenzake akabaki chini, wakakandika kwa viganja hadi jua likazama.

Theluji ya kwanza iliukuta ukuta mkubwa umekauka. Palipokuwa na chumba pakabaki kiwanja kitupu, na Delfina akipita hapo aligeuza uso. Jiwe la kubatizia walilihamishia ndani, karibu na mlango.

Siku ya sikukuu ya kanisa padri alikuja. Hakufika mbali na mahubiri yake kabla Primitiva hajasinzia, kichwa kikamwangukia wifi yake begani. Watu wakageuka kutazama. Delfina akawakazia macho mpaka wakaangalia mbele, wala hakulisogeza bega lake mpaka misa ikaisha.