Uongo wa Khalfan Mbele ya Picha

Kwa miaka mitatu Khalfan alikuwa mlinzi katika jumba moja la sanaa mjini Washington, kwenye chumba cha picha za Amos Tillery, mchoraji wa karne ya kumi na tisa. Maisha ya Tillery aliyajua kwa kuwasikiliza waongoza wageni. Alizaliwa Baltimore, akaanza kwa kuchora mabango ya maduka, akaenda kusomea Paris, akarudi na kukataa kuchora matajiri. Alichora watu wakiwa kazini. Picha hizo hazikupata mnunuzi mpaka alipokufa.

Jumamosi moja ya mwaka 2006 alikuja Mtanzania mwenzake, Dunstan, na rafiki zake wa ubalozini. Khalfan aliwatembeza akieleza kwa Kiswahili, akajisikia mtu wa maana. Walipofika kwenye picha ya mwanamke mweusi anayekunja shuka, ambaye Tillery alimchora katika picha kadhaa za chumba kile, alisema lile ambalo siku zote liliwachekesha watu.

"Huyu alikuwa hawara wake. Mnadhani alimchora mara zote hizo kwa nini?"

Wakacheka.

"Samahani, kaka." Nyuma yao alisimama mwanamke wa makamo, Mmarekani mweusi aitwaye Adia, aliyejifunza Kiswahili chuoni. "Huyo ni mama yake bibi yangu. Alikuwa anafua nguo za watu. Kila alipochorwa, mume wake alikaa humo humo chumbani. Hayo ya hawara umeyapata wapi?"

Khalfan hakuyapata popote.

"Alikuwa anatania tu, dada," Dunstan akasema.

Kutetewa kule kulimchoma Khalfan zaidi. Adia aliondoka, naye akamfuata, akamkuta mlangoni anavaa koti.

"Nisamehe, dada yangu. Niliyatunga mwenyewe."

"Umewaambia watu wangapi?"

"Wengi."

"Basi waambie hao ukweli," akasema, akatoka nje.

Kesho yake, nyumbani Langley Park, Khalfan aliwapigia simu aliowakumbuka. Walikuwa sita tu. Wawili walishaisahau picha yenyewe. Mmoja alicheka, akidhani ni utani mwingine. Wa mwisho, Benadetha wa Columbia Heights, alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Kwa hiyo huyo mama wa watu aliitwa nani?"

Khalfan alikuwa amemwomba Adia msamaha, amejieleza, lakini jina hakuliuliza.

"Sijui," alisema, na uso ukamwaka moto akiwa peke yake chumbani.