Kasiksi Isiyoonjwa

Matajiri watatu walikataa kunywa kasiksi yetu mbele ya kamera, na Bukavu nzima ikaona.

Tulikuwa tunaomba dola elfu mbili za mashine ya kufunga chupa. Hii pombe ya ndizi mama yangu aliikamua kule Nyangezi, mimi naikamua hapa mtaani Kasha, na binti yangu Laurette, aliyemaliza chuo kikuu, ndiye aliyeitia kwenye chupa zenye karatasi nzuri. Ni yeye pia aliyetuandikisha kwenye kile kipindi cha televisheni ambapo wenye miradi wanajieleza kwa wenye pesa.

Asubuhi ile nilimwambia jambo moja tu.

“Ukisha kumimina, onja wa kwanza.”

“Papa, ulishasema ile jana.”

“Na leo nasema tena.”

Kwetu anayeleta pombe huimeza kwanza, mgeni aone kwamba haina sumu. Hata padri husubiri umeze. Hakuna anayekasirika, ndivyo watu wanavyokunywa.

Lakini Hervé, mtangazaji, alikuwa na utaratibu wake. “Mademoiselle, wewe hautakunywa. Kamera inataka sura za batajiri pale wanaonja. Simama tu, ucheke kidogo.”

“Ndiyo, tonton,” akasema Laurette, kama anayemjibu mjomba wake.

Nikiwa kwenye viti vya familia nilimwona anamimina glasi tatu, anarudi nyuma, anatabasamu. Mikono mitupu.

Maman Godelive, muuza sementi, alinusa yake akairudisha mezani. “Iko na rangi muzuri.”

Bulonza, mwenye maboti, akasema, “Miye niko na dawa ya tumbo.”

Wa tatu alisogeza glasi mbali na karatasi zake, akauliza faida ni asilimia ngapi.

Niliinuka. “Laurette, kunywa.”

“Papa, ikala chini,” Hervé akasema. “Utaharibu kipindi.”

“Kimeshaharibika. Watu wanaogopa kufa, na wewe unanitafutia kiti.”

Ukumbi ukacheka. Laurette akashtuka, akachukua glasi ya Bulonza, akaimaliza yote.

Bulonza akamtazama. “Sasa unakunywa baada ya baba kukusukuma. Kabla ya pale uliogopa nini?”

Wote watatu wakasema hapana.

Kipindi kilionyeshwa Jumapili. Jumatano Maman Bibiane, mwenye baa kule Bagira, akaja na gari limejaa kreti zetu.

“Papa Laurette, miye najua iko safi. Lakini bateja banasema ninywe mbele yao, kila chupa. Nitakufa mulevi.”

“Ungekunywa kidogo kidogo.”

“Chupa makumi tano kwa siku, papa. Kidogo kidogo ya nini?”

Baa nyingine tatu zikafuata. Nimehesabu: kreti ishirini na sita zimerudi, yaani chupa mia sita ishirini na nne, na zaidi ya nusu zimeshachacha. Kati ya baa tano tulizokuwa tunauzia, imebaki moja. Wakamuaji wawili nimewarudisha kwao. Laurette hajasema nami siku kumi na moja.